Maswali ya Wasomaji: Kumkimbilia Mungu Siku ya Taabu

Barua nyingi zilizofika mezani kwangu mwezi huu zinauliza juu ya ulinzi wa Mungu, na baadhi yake zimeandikwa na watu ambao bado wamo ndani ya msiba. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa sababu anayeuliza amebeba mzigo wake na juu yake amebebeshwa mwingine usio wake.

*Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto wanne. Kwa miaka mitatu, kila alfajiri kabla mwanangu wa pili hajatoka na bodaboda yake, nilisimama naye mlangoni, nikamwekea mkono kichwani na kuisoma Zaburi ya 91 yote. Mwezi Machi aligongwa na lori akafariki. Jirani yangu ana kijana wa kazi hiyohiyo ambaye hakanyagi kanisani, naye ni mzima. Kwenye maombi ya akina mama nimeambiwa nijichunguze kama kuna mlango niliomfungulia adui. Siwezi tena kuisoma zaburi hiyo. Je, nilikosea kuomba, au ahadi ile haikuwa yangu?* (Mama, Iringa)

Mama yangu, pole sana. Ningekuwa karibu ningekuja kukaa nawe mkekani kabla ya kusema lolote, maana swali lako linahitaji mtu wa kukaa nawe kuliko mtu wa kukujibu. Kwa kuwa niko mbali, nipokee kwa njia hii ya maandishi.

Nianze na huo mlango unaoambiwa kwamba ulimfungulia adui. Watu walipomletea Bwana Yesu habari za Wagalileo waliouawa na Pilato, yeye mwenyewe aliwakumbusha habari za watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akawauliza kama wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hapo walikuwa rafiki kweli. Walipofungua vinywa vyao na kuanza kutafuta dhambi iliyoleta msiba, wakageuka kuwa mzigo, na mwishoni Mungu akamwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yake na juu ya wenzake wawili kwa sababu hawakunena yaliyo sawa. Kwa hiyo, mama, hao waliokutuma kutafuta mlango wamekutuma kazi ambayo Mungu hakukutuma. Iache. Na kama mmoja wao anasoma safu hii, namwomba kwa upole arudi kwa mama huyu, amwombe radhi, na safari hii aende na chakula badala ya maneno.

Sasa niiendee zaburi yenyewe. Inasema, “Kwa manyoya yake atakufunika, chini ya mbawa zake utapata kimbilio.” Nimeisoma mistari hiyo miaka mingi, lakini picha yake niliipata utotoni uani kwetu, kabla sijajua kusoma. Mama yangu alikuwa na kuku mwenye vifaranga tisa. Mwewe alipoonekana juu ya migomba, yule kuku alitoa sauti moja ya chini, tofauti kabisa na sauti ya kuwaitia chakula, na vifaranga wote waliokuwa wametawanyika wakaacha walichokuwa wakidonoa na kukimbilia kwake. Alitanua mbawa, akajikunyata juu yao hata usione hata mguu mmoja wa kifaranga. Mwewe hakuondoka angani kwa sababu hiyo. Aliendelea kuzunguka. Lakini kilichokuwa kati ya mwewe na vifaranga sasa kilikuwa mwili wa mama yao, na kama kucha zingeshuka, zingeanzia mgongoni mwake.

Bwana wetu aliposimama mbele ya Yerusalemu na kusema kwamba mara nyingi alitaka kuwakusanya watoto wake kama kuku akusanyavyo vifaranga vyake chini ya mbawa zake, hazikupita siku nyingi kabla mgongo wake mwenyewe haujapokea mapigo. Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo, kwa maana swali lako liliulizwa hata pale msalabani. Makuhani wakuu, waandishi na wazee walimdhihaki wakisema, “Amemtegemea Mungu, na amwokoe sasa, kama anamtaka.” Walikuwa na hesabu ileile uliyofundishwa: anayemkimbilia Mungu hapatwi, kwa hiyo aliyepatwa hakumkimbilia. Naye Yesu hakushuka. Maneno yake ya mwisho kama yalivyoandikwa katika Injili ya Luka, “Baba, mikononi mwako naiweka roho yangu,” yanatoka katika Zaburi ya 31, na zaburi hiyo inaanza kwa kusema, “Nimekukimbilia Wewe, Bwana.” Mwana wa Mungu alikufa akiwa na maneno ya kimbilio kinywani, na Baba hakuwa amemwacha mikononi mwa kaburi, kwa sababu siku ya tatu alimfufua.

Lugha yetu yenyewe inanisaidia hapa. Kukimbia ni kuondoka mahali pa hatari. Kukimbilia ni kuwa na mahali, au mtu, unayemwendea. Zaburi hizi zimejaa neno hili la pili. Hazituahidi kwamba barabara haitakuwa na malori. Katika mstari wa 15 wa Zaburi ya 91, Mungu mwenyewe anasema juu ya mtu anayempenda, “Nitakuwa pamoja naye taabuni.” Taabu imetajwa ndani ya ahadi yenyewe. Mstari huu mara nyingi tunauruka, na sisi wahubiri tuna hatia hapo, kwa kuwa tumezoea kuihubiri zaburi hii kama cheti cha kuzuia ajali, kisha ajali inapotokea hatuonekani kuja kueleza. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe katika miaka yangu ya kwanza ya utumishi, na ninajua familia moja niliyoiumiza kwa mahubiri ya namna hiyo.

Kwa nini basi kijana wa jirani yu hai na wako hayupo? Mama, sijapewa jibu la swali hilo, na Biblia hailifichi. Katika sura ya 12 ya Matendo ya Mitume, Herode anamuua Yakobo kwa upanga, kisha Petro aliyekamatwa baada yake anatolewa gerezani na malaika. Kanisa lilikuwa lilelile, na Bwana alikuwa yuleyule. Luka hasemi kwamba Yakobo alipungukiwa imani, wala hasemi kwamba mama yake, aliyewahi kumwomba Yesu nafasi kwa ajili ya wanawe, aliacha kuomba. Waebrania sura ya 11 inawataja katika orodha moja ya imani watu waliofunga vinywa vya simba na watu waliopigwa kwa mawe na kukatwa kwa misumeno, na wote wanashuhudiwa kwa imani ileile.

Zile alfajiri zako hazikupotea. Kwa miaka mitatu kijana wako alitoka nyumbani akiwa na uzito wa mkono wa mama yake kichwani na jina la Mungu masikioni. Siku ile ya Machi hakwenda barabarani peke yake, na hakufa peke yake, hata kama hakuna aliyemshika mkono pale lamini. Ulimkabidhi mahali ambapo mauti haiwezi kumnyang’anya.

Kama Zaburi ya 91 inakukaba koo kwa sasa, usijilazimishe. Soma ya 88. Inaanza kwa kilio na kumalizika gizani bila kurudi kwenye shangwe, na bado imewekwa ndani ya Maandiko ili watu kama wewe wawe na maneno ya kumwambia Mungu. Au chukua mstari mmoja tu wa Zaburi ya 57, ambayo kichwa chake kinasema ni ya Daudi alipomkimbia Sauli pangoni: “Katika uvuli wa mbawa zako nitakimbilia, hata misiba hii itakapopita.” Usiku utakapoweza kusema hata nusu yake, inatosha.

*Mchungaji, shikamoo. Mimi ni fundi seremala. Nimetaka kuwakatia watoto wangu bima ya afya na kuweka mlinzi kwenye karakana yangu iliyoibiwa mara mbili. Ndugu mmoja katika kikundi chetu cha maombi anasema hiyo ni kumtegemea mwanadamu, na kwamba Zaburi ya 127 inasema Bwana asipoulinda mji, yeye aulindaye akesha bure. Amenichanganya.* (Fundi, Morogoro)

Marahaba, fundi. Mwombe ndugu yako asome mstari huo polepole tena. Unasema mlinzi akesha bure Bwana asipolinda. Hausemi kwamba Bwana akilinda mlinzi aende kulala. Nehemia alipokuwa akijenga ukuta wa Yerusalemu na adui wakafanya shauri la kuja kupigana naye, aliandika kwamba walimwomba Mungu wao na wakaweka walinzi mchana na usiku. Mambo yote mawili yamo katika sentensi moja, wala hakuna dalili kwamba Nehemia aliona mgongano wowote. Na wewe seremala utaifurahia sheria iliyo katika Kumbukumbu la Torati 22:8, inayomwagiza mtu ajengaye nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, ili asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Mungu aliye kimbilio la Israeli ndiye aliyeagiza ukingo wa dari.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni ule wa merikebu ya Paulo, katika Matendo sura ya 27. Dhoruba imewapiga siku kumi na nne, ndani wamo watu 276, na malaika amekwisha kumwambia Paulo kwamba Mungu amempa watu wote wanaosafiri pamoja naye. Ahadi imetolewa kabisa. Usiku ule wanapima kina cha maji, wanapata pima ishirini, kisha pima kumi na tano, wanatupa nanga nne za tezi, yaani upande wa nyuma wa merikebu. Ndipo mabaharia wanapoanza kuteremsha mashua kwa hila ili watoroke, na Paulo, yuleyule mwenye ahadi mfukoni, anamwambia akida na askari, “Hawa wasipokaa ndani ya merikebu hamtaweza kuokoka.” Askari wanazikata kamba za mashua. Ahadi ya Mungu haikumfanya Paulo adharau ujuzi wa mabaharia, bali ilimfanya aone kwamba Mungu atawaokoa kwa mikono ya watu hao hao.

Martin Luther, mwanamatengenezo wa Kanisa huko Ujerumani, alikabiliwa na swali la namna hiyo mwaka 1527, tauni ilipoingia mji wa Wittenberg. Wengi waliondoka, yeye alibaki kuwahudumia wagonjwa. Alipoulizwa na wachungaji wenzake kama ni halali kwa Mkristo kukimbia tauni, aliandika kwamba atamwomba Mungu awalinde, kisha atafukiza nyumba, atatoa dawa na kuzitumia, na ataepuka mahali na watu wasiomhitaji ili asije akawaambukiza. Aliyemhitaji, lakini, angemwendea bila woga. Ona jinsi tahadhari na ujasiri vilivyokaa ndani ya mtu mmoja.

Kata bima, fundi. Ajiri mlinzi, umlipe vizuri na kwa wakati, na umwombee. Hatari anayoisema ndugu yako ipo, nisiifiche: mtu anaweza kuwa na bima, ukuta na mbwa, akaacha kumhitaji Mungu. Dalili yake haionekani katika kitasa ulichoweka bali katika kile kinachotokea moyoni kitasa kinapovunjwa.

*Kuna mafuta ya upako ninayouziwa chupa ndogo ili nipake kwenye miimo ya milango, na kitambaa cha kuweka chini ya mto pamoja na Biblia iliyofunguliwa. Nikisahau usiku mmoja silali. Je, ni vibaya?* (Msomaji, Dar es Salaam)

Umejijibu katika sentensi yako ya pili, ndugu yangu. Kinachokunyima usingizi ukikisahau kimekwisha kuwa hirizi, hata kama kimeandikwa jina la Yesu juu ya kizibo. Mafuta yamo katika Biblia, naam. Waraka wa Yakobo unawaagiza wazee wa kanisa wampake mgonjwa mafuta kwa jina la Bwana na kumwombea, lakini hapo kuna wazee waliokuja nyumbani, wanaomjua mgonjwa kwa jina, na hapatajwi bei. Waisraeli waliwahi kulibeba sanduku la agano vitani wakidhani litawaokoa na adui zao. Walishindwa siku hiyo, na sanduku likatekwa.

Ninaliandika hili kwa uchungu, kwa maana nakumbuka tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walipofariki katika msongamano mjini Moshi wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Wengi wa waliokwenda pale walikuwa watu wenye haja za kweli: magonjwa, madeni, watoto wasiopona. Walistahili kuambiwa kwamba hapakuwa na haja ya kusukumana. “Jina la Bwana ni ngome imara,” yasema Mithali, “mwenye haki huikimbilia, akawa salama.” Jina hilo halikai ndani ya chupa. Usiku wa leo ifunge Biblia baada ya kuisoma, iweke mezani, sali Baba Yetu, kisha uzime taa.

*Mume wangu ananipiga. Mwaka huu amenivunja mkono na watoto wanaona. Wazee wa kanisa wameniambia nivumilie, nimfanye Mungu kimbilio langu, na kwamba nikiondoka nitakuwa nimevunja ndoa na nimeonyesha kutomwamini Mungu. Naomba jina langu lisitajwe.*

Dada yangu, barua yako niliijibu kwa njia ya faragha siku ileile niliyoipata. Ninaichapisha hapa, kwa ruhusa yako, kwa ajili ya hao wazee na wengine kama wao.

Sauli alimrushia Daudi mkuki, na Daudi hakusimama palepale ili kuonyesha imani. Alikwepa, mkuki ukapiga ukutani, akakimbia usiku uleule. Usiku huohuo Mikali mkewe alimteremsha dirishani. Mtu huyo aliyeteremka kwa dirisha ndiye aliyeandika zaburi nyingi za kimbilio tunazoziimba. Paulo naye alishushwa ukutani Dameski ndani ya kapu. Kuondoka mbele ya anayetaka kukuumiza ni njia mojawapo ya kumkimbilia Mungu, na neno “kimbilio” likitumiwa kumfungia mwanamke ndani na anayempiga, limegeuzwa kinyume cha maana yake.

Wazee wangu, ninawaheshimu, nami naomba mnisikilize. Katika torati Mungu aliagiza iwepo miji sita ya makimbilio, mitatu kila upande wa Yordani. Yoshua aliitenga: Kedeshi, Shekemu na Hebroni upande wa magharibi, Bezeri, Ramothi na Golani upande wa mashariki. Ilikuwa kwa ajili ya mtu aliyemuua mwenzake pasipo kukusudia, kama yule anayetajwa katika Kumbukumbu la Torati ambaye chuma cha shoka kilichomoka katika mpini alipokuwa akikata mti, kikampiga mwenzake akafa. Mwisraeli na mgeni walipokewa sawa. Njia za kuiendea miji hiyo ziliagizwa zitengenezwe. Na mkimbizi alipofika langoni, Yoshua sura ya 20 inasema wazee wa mji walipaswa kumsikiliza, kumwingiza mjini kwao na kumpa mahali pa kukaa kati yao, wala wasimtie mikononi mwa anayemfuatia.

Hiyo ndiyo kazi ya wazee. Ikiwa yule aliyemwaga damu kwa bahati mbaya alitengenezewa njia, aliyevunjwa mkono pasipo kosa lolote anangoja nini langoni petu? Mungu alikuwa kimbilio la Israeli, naye akaamua kimbilio hilo liwe na barabara, lango, wazee wenye masikio na chumba cha kulala. Waraka kwa Waebrania unatuita sisi sote watu “tuliokimbilia kuyashika matumaini yale yawekwayo mbele yetu,” na sioni jinsi wakimbizi wa namna hiyo wanavyoweza kumfungia mwingine lango.

Kwa hiyo fanyeni haya wiki hii. Mmoja wenu na mkewe wafungue chumba kwa dada huyu na watoto wake. Mwanamke mwingine wa kanisa amsindikize hospitali mkono wake uangaliwe na maelezo yaandikwe, kisha waende pamoja Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Wawili kati yenu wazungumzeni na mumewe, mahali ambapo mke hayupo, na mwambieni wazi kwamba anachofanya ni dhambi na pia ni kosa la jinai. Habari za ndoa zitazungumzwa baadaye, akiwa salama, na kwa hiari yake.

Nawe dada, kama nilivyokuandikia: mikoba ya watoto, kadi zao za kliniki na vyeti vyao viweke kwa yule jirani uliyemtaja. Usingoje kipigo kingine. Ukiondoka usiku, ondoka ukiomba.